Nyumba mpya Kasulo: Mwanya upi uzibwe, upi uachwe?

KANUNI za ujenzi za England zilizoanza kutumika Juni 2022 zinataka kila nyumba mpya ipimwe uvujaji wa hewa. Madirisha hufungwa, feni kubwa huwekwa mlangoni na kuvuta hewa nje hadi shinikizo la ndani lipungue kwa paskali 50, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita tano. Kisha hupimwa kiasi cha hewa kinachopenya katika nyufa.

Waingereza wanalinda joto. Katika Kata ya Kasulo, wilayani Ngara, ambako mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walilala chini ya maturubai ya kambi ya Benaco, anayejenga leo ana adui mwingine: mbu. Mkoa wa Kagera umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa ile iliyoathiriwa zaidi na malaria, na mbu waenezao ugonjwa huo hupendelea kuingia kupitia upenuni, pale ukuta unapokutana na paa.

Wengi hudhani dawa ni kuziba upenu kwa matofali. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa hatua hiyo ilipunguza mbu katika nyumba za nyasi, lakini katika nyumba za bati zenye milango isiyokaa vema mbu waliongezeka. Walipita pembezoni mwa mlango, na joto la ndani likapanda.

Kwa hiyo, fundi wa milango ana kazi kubwa kuliko anavyodhaniwa. Upenuni na madirishani panafaa wavu, unaozuia mbu na kupitisha hewa. Nyumba za majaribio zilizojengwa kijijini Magoda, wilayani Muheza, zilifuata njia hiyo, na mbu walipungua.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji feni. Mchana wa jua, jifungie ndani, subiri macho yazoee giza, kisha tazama: kila mstari wa mwanga usio na wavu ni njia ya mbu.

Jambo moja halina mjadala. Usiku wa baridi milimani Ngara hushawishi watu kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni, na katika chumba kilichozibwa aliyelala hufa bila kuamka. Jiko libaki nje hadi mkaa uzimike kabisa. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga.