Msiba wa Dunblane na Sheria ya Bastola

Dunblane ni mji mdogo katika nchi ya Scotland, karibu na Stirling, nao wajulikana kwa kanisa lake kuu la kale. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 13 Machi, 1996, mwanamume wa miaka 43 aliingia katika shule ya msingi ya mji huo akiwa na bastola nne. Alifika mpaka ukumbi wa mazoezi ya viungo, ambamo watoto wa darasa la kwanza, wenye miaka mitano na sita, walikuwa pamoja na mwalimu wao. Kwa muda wa dakika chache tu aliua watoto 16 na mwalimu huyo, akajeruhi wengine, kisha akajiua mwenyewe.

Siku mbili baadaye Waziri Mkuu, John Major, na mpinzani wake Bungeni, Tony Blair, walifika Dunblane pamoja, wakaziweka siasa kando. Jumapili, tarehe 17 Machi, siku ambayo Waingereza huwaadhimisha mama zao, Malkia Elizabeth alikwenda kuwapa pole wafiwa, na watu wa Uingereza wote wakanyamaza kwa dakika moja.

Lakini machozi peke yake hayafungi mlango. Watu waliuliza: mtu yule alizipata wapi silaha zile? Jibu lilikuwa chungu. Hakuziiba, wala hakuzinunua kwa magendo. Alikuwa nazo kwa cheti halali cha polisi. Jaji Lord Cullen alipochunguza habari hizo kwa amri ya Serikali, ilidhihirika kwamba mwaka 1991 ofisa mmoja wa polisi aliwaandikia wakubwa wake akishauri mtu huyo anyang'anywe cheti, kwa kuwa mwenendo wake na watoto ulitia mashaka. Ushauri huo haukufuatwa.

Tena onyo lilikuwapo hata kabla ya hapo. Mwaka 1987, katika mji wa Hungerford, mtu mwingine mwenye silaha za halali aliua watu 16. Sheria ilibadilishwa ili kukataza aina fulani za bunduki, lakini bastola ziliachwa, ingawa muuaji yule naye alitumia bastola. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Safari hii wananchi hawakungoja. Rafiki wa wafiwa walianzisha ombi la kutaka bastola zikatazwe, wakaliita kwa jina la ua dogo jeupe lichanualo Scotland mwezi ule wa Machi. Watu zaidi ya 700,000 walitia sahihi. Wanachama wa vilabu vya kulenga shabaha walipinga. Walisema kwamba wao hawajamdhuru mtu, na si haki maelfu waadhibiwe kwa kosa la mmoja. Neno lao lilikuwa na uzito, na Bunge lililazimika kupima mchezo wa watu wazima katika mizani moja na uhai wa watoto.

Mizani ililalia upande wa watoto. Sheria ya Februari 1997 ilikataza bastola kubwa. Na baada ya uchaguzi wa Mei, Serikali mpya ya Blair ilipitisha sheria ya pili mwezi wa Novemba, ikakataza hata zile ndogo. Bastola zaidi ya 160,000 zilirudishwa polisi, na wenyewe wakalipwa fidia. Wakulima waliachiwa bunduki zao za marisau, kwa cheti.

Mtu asidhani kwamba sheria hiyo ilikomesha mauaji yote. Mwaka 2010 huko Cumbria waliuawa watu 12, na mwaka 2021 huko Plymouth watano, kwa bunduki zilizoruhusiwa na sheria. Hata hivyo, tangu 1996 hapakutokea tena mauaji ya namna ya Dunblane katika shule yoyote ya Uingereza. Milango ya shule sasa hulindwa, na mtu mzima atakaye kufanya kazi na watoto huchunguzwa kwanza.

Huko Dunblane kwenyewe, ukumbi ule ulibomolewa na mahali pake pakafanywa bustani ya ukumbusho. Fedha zilizotumwa na wahisani zilisaidia kujenga nyumba ya vijana, iliyofunguliwa mwaka 2004. Andy Murray, mmoja wa watoto waliokuwa shuleni asubuhi ile, alikua akawa bingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 2013.

Kwa mwenye kalamu ofisini, habari hizi zina fundisho lake. Onyo la mwaka 1991 liliandikwa vizuri, likapelekwa kwa waliohusika, likahifadhiwa katika faili. Lililokosekana ni mtu wa kulitenda.