Vakuoli: kifuko kinachoficha sumu ya muhogo

Leo tuache siasa kidogo tuongee muhogo. Tena muhogo na vakuoli, lile neno tulilokariri sekondari kwa ajili ya mtihani halafu basi.

Vakuoli ni kifuko ndani ya seli, kimezungukwa na utando mwembamba uitwao tonoplasti. Ndani kuna maji yenye chumvi, sukari, asidi na hata taka. Kwenye seli ya mmea iliyokomaa inaweza kuchukua asilimia 80 hadi 90 ya nafasi yote. Kiini na vingine vyote vinabanwa pembeni kama abiria wa daladala.

Kazi yake ya kwanza ni kusimamisha mmea. Ikijaa maji inasukuma ukuta wa seli, jani linakaza. Maji yakipungua, jani linalegea. Ndo maana mama wa sokoni ananyunyizia mchicha maji kila saa.

Kazi ya pili ni ghala, na hapa ndipo kwenye muhogo wetu. Muhogo unaweka ndani ya vakuoli kitu kinaitwa linamarini. Kikikaa mle hakina neno. Kimeng'enya cha kukivunja, linamarasi, kiko nje, kwenye ukuta wa seli. Mnyama akitafuna, vakuoli inapasuka, viwili hivi vinakutana, sayanaidi inatoka. Mmea umejilinda!

Sasa bibi zetu wanafanya hivyohivyo makusudi. Kukwangua, kutwanga au kuloweka muhogo mchungu siku 3 au 4 mpaka ulainike ni kupasua vakuoli, ili sumu itoke kabla hatujala. Ukiukata vipande na kuanika tu, seli nyingi zinakauka kabla linamarini haijavunjwa, na sumu inabaki kwenye makopa.

Jamani hili si la utani. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, unapoozesha miguu ghafla na hauponi. Huwapata zaidi watoto na kina mama. Uliandikwa kwa mara ya kwanza Kongo mwaka 1938, na Tarime ulizuka mwaka 1985 wakati wa ukame. Kwa nini ukame? Kwanza, muhogo wenyewe huongeza sumu. Pili, watu wana njaa, hawasubiri siku zote za kuloweka. Tatu, maharage na samaki hakuna, na mwili unahitaji protini ili kuondoa sayanaidi.

Kama unga umeshasagwa na una wasiwasi nao, changanya na maji, utandaze uwe mwembamba, uache kivulini masaa 5, halafu songa ugali siku hiyohiyo. Sumu nyingi itakuwa imeruka hewani.

Mimi nasema usimcheke bibi anayeloweka siku 4. Hajasoma vakuoli, lakini anajua kuzipasua.

Kwenu muhogo mchungu mnauandaaje? Tupia maoni hapo chini, tujifunze wote.