Nyama Huyu Alikosa Nini?

Nina ukumbi mdogo wa video hapa Makiso, Congo, si mbali na soko kuu: mabenchi, televisheni moja kubwa, spika mbili na maiki. Maiki ni yangu. Filamu ikisema Kifaransa, mimi nasema Kiswahili, na wasemaji wa Lingala wakizidi, nachanganya. Wateja wengi wanataka mpira na ngumi. Lakini kuna filamu moja inayonijazia mabenchi kila nikiiweka, na haina hata rangi: King Kong, iliyoanza kuonyeshwa New York mwezi Machi 1933.

Hadithi yake haina mzunguko. Mpiga filamu wa Marekani, Carl Denham, anamwokota msichana mwenye njaa mjini, Ann Darrow, anampandisha meli, wanakwenda kisiwa kisicho kwenye ramani, magharibi ya Sumatra. Huko yuko Kong, gorila mkubwa kama nyumba. Kong anamchukua Ann na kumpigania dhidi ya mijusi wakubwa wa kale. Denham anamlaza Kong kwa mabomu ya gesi, anamsafirisha New York, anamfunga minyororo jukwaani na kuuza tiketi. Kong anakata minyororo, anapanda Empire State Building, jengo refu kuliko yote duniani wakati ule, na ndege za kivita zinammiminia risasi mpaka anaanguka.

Kong mwenyewe alikuwa mwanasesere wa sentimita 45 hivi: mifupa ya chuma yenye viungo, nyama ya mpira na pamba, ngozi ya sungura juu. Fundi Willis O'Brien alimsogeza kidogo, akapiga picha, akamsogeza tena. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Mtazame Kong kifuani: manyoya yanacheza-cheza kama yanapigwa na upepo. Hizo ni alama za vidole vya mafundi, kila walipomshika kati ya picha na picha. Nikifika hapo naweka maiki chini na kuwaonyesha watoto. Wakishajua, hawatazami tena kitu kingine. Nimewawekea Kong wa mwaka 2005 na wa 2021 pia, waliotengenezwa kwa kompyuta. Wanashangilia mapigano, wanakwenda zao. Wa zamani wanamhurumia.

Siku moja mtoto aliuliza katikati ya filamu, "Papa, nyama huyu alikosa nini?" Ukumbi mzima ukaninyamazia, wanasubiri jibu langu.

Jibu lake linapitia kwetu. Mtunzi wa Kong, Merian C. Cooper, alisoma utotoni kitabu cha Paul Du Chaillu cha mwaka 1861, chenye visa vya gorila wa Gabon. Halafu mwaka 1930 ikatoka filamu iitwayo Ingagi, iliyojidai kupigwa katika Congo ya Wabelgiji na kuonyesha wanawake wanaotolewa kwa gorila. Ulikuwa uongo. Gorila alikuwa mtu ndani ya vazi, Charles Gemora, na "mbilikimo" walikuwa watoto wa Los Angeles. Lakini iliuza tiketi nyingi mno, na kampuni ya RKO, iliyokuja kumtengeneza Kong, ikaona kwamba gorila na mwanamke ni biashara. Gorila wetu wa kweli wako katika mbuga ya Maiko, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo sehemu yake imo humu mkoani kwetu, Tshopo. Dume ana kilo 200 hivi, anakula majani na matunda, na akijipiga kifua anakuambia uondoke.

Na New York ilikuwa imeshaona kiumbe kutoka Congo akitazamwa na umati. Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, kijana aliyeitwa Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani pamoja na orangutani, na watu wakamiminika kwa maelfu. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga mpaka akatolewa. Alijiua Virginia mwaka 1916. Filamu haimtaji, wala sisemi Cooper alimfikiria. Lakini mimi siwezi tena kutafsiri ile sehemu ya jukwaani, pazia linapofunguliwa na taa za wapiga picha zinamulika, bila kumkumbuka.

Ndiyo maana Kong hazeeki hapa kwetu. Kutisha kwake kumeisha zamani; kesi yake haijaisha. Mtoto wa Makiso hahitaji mwalimu kumweleza maana ya kutolewa msituni, kuvushwa bahari na kuwekwa mbele ya watu waliolipa.

Mwishoni Kong amelala barabarani. Polisi anasema ndege zimemmaliza. Denham anakataa: eti aliyemuua ni uzuri wa mwanamke. Kila mara nikitafsiri maneno hayo, ukumbi unalipuka: "Muongo! Ni wewe ulimleta!" Kwenye filamu hiyo Denham haguswi. Lakini Desemba ya mwaka uleule walitoa Son of Kong, na ndani yake amefunguliwa mashtaka kila upande kwa hasara aliyoleta, mpaka anatoroka New York kwa meli. Nilipowasimulia hilo, walikataa kutoka mpaka niahidi kuiweka Jumapili inayofuata.