Furaha Katika Mwaka Usio na Mavuno

Maandiko yanatuagiza kufurahi. Agizo hilo ni jepesi kulisoma madhabahuni, bali ni zito kulihubiri katika nchi ya Dodoma, ambako wastani wa mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika mwezi wa Februari, uwele na mtama hukauka kabla ya kukomaza masuke, wala hakuna msimu wa pili wa kungojea. Katika makala haya tunapenda kuuliza: furaha anayopewa Mkristo ni ya namna gani, hata iweze kudumu katika mwaka kama huo? Mwanafunzi anayehitimu leo aweza kujikuta mwakani akiongoza Sikukuu ya Mavuno mbele ya washarika ambao hawakuvuna kitu.

Tuanze na Waraka kwa Wafilipi. Katika sura zake nne tu, neno la Kiyunani “chara”, yaani furaha, pamoja na kitenzi chake, hutokea zaidi ya mara kumi, na mwandishi alikuwa amefungwa minyororo. Wahubiri wengi huishia hapo, wakamfanya Paulo kuwa mtu asiyeumia. Lakini tukiusoma waraka kwa utaratibu twaona kwamba katika sura ya pili anasimulia jinsi Epafrodito alivyougua karibu ya kufa, na jinsi Mungu alivyomhurumia Paulo mwenyewe ili huzuni zisimrundikie. Katika sura ya tatu anakiri kwamba analia machozi hata wakati wa kuandika. Basi waraka wa furaha umeandikwa na mtu anayelia, wala yeye haoni mgongano wowote katika jambo hilo.

Mgongano hauonekani kwa sababu furaha yake haikujengwa juu ya hali ya moyo. Hapa fundisho letu la kuhesabiwa haki kwa imani lina kazi kubwa kuliko tunavyolipa. Haki ya Mkristo iko nje yake, katika Kristo. Kadhalika na furaha yake. Mtu anayeitafuta furaha kwa kuuchungulia moyo wake ataikuta asubuhi na kuipoteza jioni. Anayeitafuta katika ahadi aliyopewa kwenye Ubatizo ataikuta mahali pale pale, ijapokuwa yeye mwenyewe amebadilika.

Yako mahubiri, hasa katika mikutano ya hadhara mijini, yanayofundisha kwamba mwenye imani ya kweli hukaa na furaha na hapungukiwi na mali. Tunayaona kuwa ni mafundisho ya kikatili. Mama aliyezika mtoto huongezewa mzigo wa pili, yaani kuonekana hana imani. Nabii Habakuki alikwisha kulijibu jambo hili mwishoni mwa kitabu chake. Anataja mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi la kondoo na banda la ng’ombe, vyote vikiwa vitupu, kisha anasema kwamba atamfurahia Bwana. Mkulima wa Hombolo, mwenye mizabibu yake na ng’ombe wake, haihitaji orodha hiyo kufafanuliwa. Ukiacha mzeituni, ni mali yake mwenyewe inayohesabiwa. Tuangalie pia kwamba nabii hasemi mali hiyo haina thamani. Anaitaja moja baada ya nyingine, kama mtu anayeomboleza.

Zaburi ya 126 nayo husomwa vizuri zaidi na wakulima kuliko wataalamu. Kwa nini mpanzi alie? Aliyebakiwa na debe moja la uwele mwezi wa Desemba analijua jibu: mbegu anayoitupa mavumbini ni chakula ambacho watoto wangekula jioni ile. Kalenda ya kale ya Kanisa la Magharibi, pengine bila kukusudia, yamfaa sana mkulima huyo. Jumapili ya tatu ya Majilio huitwa Gaudete, nayo ya nne ya Kwaresima huitwa Laetare. Yote mawili ni maagizo ya kufurahi. Kwetu ya kwanza huangukia wakati wa kupanda na kutazama mawingu, na ya pili wakati mazao yangali shambani. Kanisa halikungoja ghala lijae ndipo liagize furaha.

Sasa kuhusu kuitunza. Wazee wa Ugogo waliikumbuka njaa kuu ya 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya. Katika vita ya 1914–1918 majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng’ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 walikufa. Jina Mtunya lina maana ya kunyang’anyana. Waliolitoa jina hilo hawakutaja ukavu wa nchi, bali yaliyoupata ujirani. Mtu akiachwa peke yake na njaa yake, furaha haina mahali pa kukaa.

Luther aliliona hili kwa njia nyingine. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake aliyesumbuliwa na huzuni, akimshauri aukimbie upweke na kutafuta watu wa kuzungumza na kutaniana nao. Hakumwambia ajilazimishe kufurahi. Na binti yake Magdalena alipofariki mwaka 1542, Luther alilia bila kuona haya.

Kwa hiyo mchungaji katika mwaka wa ukame asiifute Sikukuu ya Mavuno, wala asiiongoze kana kwamba maghala yamejaa. Ibada na ianze kwa zaburi ya maombolezo, nayo isomwe yote bila kukatwa. Wazee wa usharika wapite nyumbani juma moja kabla, wajue ni nani hana cha kuleta, ili asibaki nyumbani kwa aibu. Sadaka ya nafaka, hata ikiwa vibaba vichache, igawiwe siku ile ile kabla watu hawajatawanyika. Na kwaya na iimbe. Asiyeweza kuimba siku hiyo aketi katikati ya wanaoimba.