Kiwanda kidogo cha bia Ngarambe? Hesabu ya maji, moto na hewa inaanza kabla ya mitungi

Mtu anayetaka kufungua kiwanda kidogo cha bia kijijini kama Ngarambe, wilayani Rufiji, mara nyingi huanza kuulizia bei ya mitungi ya chuma. Mitungi siyo shida kubwa. Kinachokula hela ni vile vilivyojificha nyuma ya ukuta, yaani maji, umeme, moto, ubaridi na mahali pa kumwaga uchafu.

Tuchukue pishi moja la lita 500.

Maji kwanza. (Ngarambe ndiyo ile ile ya Kinjikitile Ngwale, kwa hiyo habari za maji huko si ngeni.) Kiwanda kidogo hutumia lita 5 hadi 10 za maji kwa kila lita moja ya bia, na sehemu kubwa inaishia kwenye kuosha. Pishi moja basi linaweza kumaliza simtanki zima la lita 5,000. Maji ya kisima yapimwe maabara kabla ya kununua chochote, maana chuma kikizidi ladha inaharibika, na kadiri unavyoshuka kuelekea delta chumvi nayo inaweza kuingia. Kuchota kwa ajili ya kiwanda kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji.

Halafu moto. Kutoa lita 600 za togwa la kimea kwenye nyuzi 28 hadi 100 kunahitaji kama uniti 50 za umeme, hapo halijachemka hata dakika moja. Hita ya kilowati 10 itachukua saa 5, na umeme wa kawaida wa nyumbani hauubebi mzigo huo vizuri. Unatakiwa wa fezi tatu. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 liko kwenye mto huo huo wa Rufiji, lakini kuwa jirani na bwawa siyo kuwa na fezi tatu mlangoni. Swali la kwanza kwa TANESCO liwe hilo, kabla ya kulipia kiwanja. Wanaokimbilia gesi wajue kwamba mtungi wa kilo 15 unaweza kukaribia kuisha kwa pishi moja.

Kupoza ndiko wengi wanakokwama. Togwa likishachemka linatakiwa lishuke haraka hadi nyuzi 20 hivi ndipo hamira iwekwe. Maji ya bomba ya nyuzi 28 hayawezi kulifikisha huko hata yakipita mchana kutwa. Lazima kuwe na mtambo wa kupoza na tangi la maji baridi lililofungwa vizuri lisipitishe joto. Na kazi haiishii hapo, kwa sababu hamira yenyewe ikianza kula sukari inatoa joto. Umeme ukikatika usiku bila jenereta, pishi linapanda nyuzi 30 na zaidi, na bia inatoka na harufu kali na kuumiza kichwa.

Sasa jambo linaloua. Lita 500 zikichachuka hutoa takriban kilo 20 za hewa ya kaboni, sawa na mita za ujazo 11. Chumba cha mita 3 kwa 3 kwa 3 kina mita za ujazo 27 tu. Hewa hiyo ni nzito, inatulia chini, haina rangi. Mtu akiinama kusafisha sakafu kwenye chumba kilichofungwa anaweza kuzimia na asiamke, na anayekimbilia kumwokoa naye akaanguka. Matundu yawekwe chini ya ukuta pamoja na feni ya kutoa hewa nje. Dirisha la juu peke yake halisaidii.

Machicha hayana tabu, wafugaji wa ng'ombe watayachukua. Maji ya kuoshea yenye magadi na asidi ndiyo ya kuogopa. Yakae kwenye shimo la kutulia na kusawazishwa, yasiende mtoni watu wanakovua. NEMC wataliulizia hilo, kama TBS watakavyoulizia usafi wa mabomba.

Wenye viwanja vya bondeni wakumbuke mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti: pampu, jenereta na bodi ya umeme zifungwe juu ya alama ambayo maji yale yaliacha ukutani.