Kupunguza Kelele za Injini ya Mashine ya Kusaga

Katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, pale ambapo umeme haujafika au hukatika mara kwa mara, mashine ya kusaga nafaka huendeshwa kwa injini ya dizeli. Huduma hiyo ni ya lazima, lakini mlio wa injini humfikia mgonjwa aliyelala, mwanafunzi anayesoma na, kabla ya wote, mwendesha mashine mwenyewe. Baadhi ya wamiliki hutumia fedha kwa vifaa visivyozuia sauti; wengine huziba kibanda hadi moshi ukakosa pa kutokea. Makosa yote mawili yanaepukika.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kiwango kinachotumika sana kulinda masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo penye desibeli 94 mtu asikae zaidi ya saa 1. Uziwi utokanao na kelele hauponi.

Anza na chanzo. Sailensa iliyotoboka au kuondolewa ibadilishwe kwanza, kwa kuwa hakuna ukuta utakaofidia kasoro hiyo. Nati zilizolegea zikazwe. Injini ifungwe juu ya msingi wa zege uliotengana na kuta, na chini ya miguu yake viwekwe vipande vya mpira mgumu, ili mtetemo usisafiri hadi kwenye jengo. Baada ya hapo mkanda upimwe upya, usije ukapinda.

Kisha tazama ukuta. Kinachozuia sauti kupita ni uzito. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa lipu pande zote mbili huzuia sauti kuliko bati tupu. Sponji ya godoro na trei za mayai hazina uzito huo: hupunguza mwangwi ndani ya chumba tu, na sponji hushika moto upesi karibu na mafuta. Ukihitaji kitu cha kunyonya mwangwi, chagua pamba ya madini isiyoungua.

Matundu ndiyo yanayowashangaza wengi. Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.5 ukiwa na uwazi wa sentimita 30 kwa 33, yaani takriban asilimia 1 tu ya eneo lake, hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20, hata ukiwa mnene kiasi gani. Zibeni nyufa za mlango na paa.

Hata hivyo, hewa isizibwe kamwe. Injini isiyopata hewa huchemka, na moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua. Weka njia mbili za hewa, moja ya kuingilia chini na nyingine ya kutokea juu. Kila njia ijengwe kama mfereji mpana wenye kona, uliofunikwa ndani kwa pamba ya madini: hewa hupinda na kupita, sauti hugonga kuta na kufifia. Bomba la moshi litolewe nje, juu ya paa, mbali na madirisha ya majirani.

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji au fundi maswali haya: Kifaa hiki kina uzito gani kwa mita moja ya mraba? Je, kinaungua? Hewa itapita wapi? Ahadi ya kupunguza kelele iandikwe kwenye risiti au mkataba, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kazi ikikamilika, simama mlangoni kwa jirani wa karibu huku mashine ikisaga, usikilize, ndipo umalizie malipo.

Mwendesha mashine aliye ndani ya kibanda bado atahitaji vizibo vya masikio, kwa kuwa ukuta humlinda aliye nje.