Anayerudi Jipe baada ya kiharusi: nani anapima anavyotunzwa?

Mgonjwa wa kiharusi kutoka kijiji cha kando ya Ziwa Jipe akiruhusiwa hospitali Moshi, ndugu hukodi gari la Noah, wakamlaza kiti cha nyuma, na safari ikaanza: lami kwanza, kisha vumbi mpaka ziwani. Akifika hupokewa na watu wengi kuliko aliowaacha wodini. Majirani wanajaa uani, uji unapikwa, kila mtu anataka kumshika mkono. Kuanzia jioni hiyo tiba yake imekabidhiwa nyumba. Ndivyo ilivyo pia Ugweno, Usangi, Gonja na Same mjini.

Katika nchi zenye fedha, kati ya hospitali na nyumbani pana kituo cha uuguzi na utengamao. Mtu aliyepooza upande mmoja au aliyevunjika nyonga hukaa huko wiki kadhaa, akifundishwa upya kukaa, kusimama, kula na kwenda chooni. Kwetu vituo vya namna hiyo ni vya kuhesabu, na milimani Upare usivitafute. Makazi ya wazee ya serikali, kama Njoro hapa Kilimanjaro au Nunge kule Kigamboni, yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Kazi yake ni nyingine. Kwa hiyo kituo cha utengamao cha Jipe ni chumba cha uani, na wahudumu wake ni binti, mkwe na mjukuu. Nakiita kituo kwa sababu nataka tukipime kama kituo. Anayelala humo anastahili kipimo kile kile anachostahili mgonjwa wa mahali pengine popote.

Msingi wa kupima huduma uliwekwa mwaka 1966 na daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani. Alisema pana sehemu tatu za kutazama: vilivyopo, yanayofanyika, na kilichompata mgonjwa mwishoni. Vilivyopo ni majengo, vitanda, dawa na watumishi. Yanayofanyika ni kazi yenyewe, kama imefanywa inavyotakiwa na kwa wakati wake. Kilichompata mgonjwa ni matokeo, na matokeo ndiyo aliyoyafuata. Kwa bahati mbaya, sehemu ya kwanza ndiyo inayoonekana upesi, na ndiyo inayotudanganya upesi. Jengo likipakwa rangi tunasema huduma imeboreka.

Marekani walijaribu kuzipima sehemu hizo kwa nyota. Tangu Desemba 2008 kila kituo cha uuguzi kinachopokea fedha za bima za serikali hupewa nyota moja hadi tano, kwa kutazama ukaguzi, idadi ya wauguzi na hali za wagonjwa. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya takwimu ilitoka kwa vituo vyenyewe, na magazeti yakafichua vituo vyenye nyota tano vilivyokuwa na malalamiko mazito. Ndipo serikali ikaanza kudai hesabu za wauguzi zitokane na orodha za mishahara. Aprili 2024 ikatangaza kwamba kila mkazi apate angalau saa 3.48 za uuguzi kwa siku; mwaka mmoja baadaye mahakama ya Texas ikaitengua kanuni hiyo. Mvutano wao, tangu mwanzo, ni uhaba wa mikono.

Sisi nasi tulianza kutoa nyota mwaka 2015, kwa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Katika awamu ya kwanza kama theluthi ya vituo vilivyokaguliwa nchini havikupata hata nyota moja. Ukaguzi ule ulisaidia, kwani awamu iliyofuata vituo vingi vilipanda. Lakini nyota ya zahanati haikwambii lolote kuhusu bibi aliyelala nyumba ya tatu kutoka zahanati hiyo, kama ameshaweza kujigeuza au bado.

Hali ya wagonjwa hawa tunaijua kwa sababu Kilimanjaro imefanyiwa utafiti ambao mikoa mingi ya Afrika haijaupata. Kati ya 2003 na 2006, timu ya Profesa Richard Walker kutoka Uingereza, pamoja na wenzake wa Tanzania akiwemo Profesa Ferdinand Mugusi, ilifuatilia kiharusi kijiji kwa kijiji wilayani Hai, na mtaa kwa mtaa Dar es Salaam. Wagonjwa wapya 130 wa Hai waliendelea kufuatiliwa baada ya hapo. Karibu robo yao walifariki ndani ya siku 28. Ilipotimia miaka mitatu, karibu sita kati ya kumi walikuwa wametangulia mbele za haki. Maana yake, wengi waliokufa walivuka kwanza mwezi ule wa hatari. Walifia katika miezi na miaka ya kutunzwa nyumbani. Hapo ndipo pa kupimia.

Kipimo kipo, na hakihitaji umeme. Kinaitwa kipimo cha Barthel, kilichapishwa Marekani mwaka 1965, na watafiti wa Hai walikitumia. Kina mambo kumi: kula, kuoga, kujisafisha uso na kinywa, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia mkojo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Kila jambo lina alama zake na jumla ni 100. Kuhama kitandani na kutembea vina alama nyingi zaidi, 15 kila kimoja, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoamua mzigo wa anayemtunza. Sharti ni kuandika anachofanya mgonjwa kweli siku hiyo. Ndugu wakisema “anaweza, ila leo amechoka”, unaandika hawezi.

Kikiletwa Upare kipimo hiki kinataka busara. Vyoo vyetu vingi ni vya shimo, na kuchuchumaa ukiwa na mguu mmoja wenye nguvu ni kazi kubwa kuliko kukaa kwenye choo cha kiti. Mzee anaweza kuandikwa hospitali kwamba anajitegemea chooni, akafika nyumbani akashindwa siku ya kwanza. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, na kamba nene iliyofungwa kwenye nguzo ya choo aishikilie, humpa alama kumi ambazo hakuna kidonge kinachompa. Ngazi nazo Jipe hazina maana sana, huku bonde ni tambarare; lakini mgonjwa wa Ugweno ambaye nyumba yake imekaa ubavuni mwa mlima, usipompima njia ya kupanda hujampima kabisa.

Kula kunahitaji maelezo zaidi. Aliyepooza upande wa kulia mara nyingi anakataa kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Kwake ni aibu, na nimeona wazee wakikonda kwa sababu hiyo huku chakula kipo. Binti anaamua kumlisha. Ni upendo, lakini alama ya kula inabaki sifuri na mkono wa kushoto haujifunzi. Mwacheni ale kwa kijiko, kwa kushoto, na watu wazima wa nyumba waseme wazi kwamba si utovu wa adabu. Kabla ya hapo hakikisheni anameza salama. Akae wima, apewe maji kijiko kimoja cha chai, kisha aongee. Akikohoa, au sauti ikitoka yenye majimaji, chakula kinaweza kuwa kinaelekea kwenye mapafu, na nimonia huua wengi baada ya kiharusi. Huyo asipewe makande wala maji ya kumwagia kinywani. Apewe vitu laini na vizito huku akitafutiwa mtaalamu.

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu katika nyumba au kituo chochote, ningeomba kuuona mgongo wa mgonjwa. Vidonda vya kulala havidanganyi. Hutokea pale mfupa unapokandamiza ngozi muda mrefu mpaka damu haipiti: kwenye kiuno juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Weka mgongo wa kiganja chako. Pakiwa na joto kuliko pembeni, au pagumu kama tope lililoanza kukauka, au mgonjwa akikunja uso, kidonda kimeshaanza chini kwa chini. Usipasugue kwa mafuta wala spiriti, ingawa ndivyo wengi walivyozoea. Kusugua kunachana ngozi ambayo tayari inakufa. Mgeuze. Kila saa mbili, usiku na mchana, ubavu huu, chali, ubavu ule, visigino vikiinuliwa kwa mto chini ya mashavu ya miguu ili vielee. Na wakati wa kumgeuza mtu asivute ule mkono uliolegea. Bega la aliyepooza huteguka kwa urahisi, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi kwa miezi.

Kila saa mbili ni mara 12 kwa siku. Hapa ndipo nyumba ya Jipe inapokutana na kituo cha Marekani. Wao walibishania saa 3.48, nyumba yetu yenye mabinti wawili inatoa saa nyingi kuliko hizo bila mshahara wowote. Kinachokosekana ni ujuzi na mtu wa kurudi kutazama. Tena zile saa nyingi mara nyingi zinatoka kwa mtu mmoja, mwanamke, anayeamka usiku kugeuza, alfajiri kuteka maji, mchana kufua mashuka. Akichoka yeye, mgonjwa hageuzwi. Kwa hiyo katika kupima huduma ya nyumbani lazima apimwe na anayehudumia: analala saa ngapi, nani anampokea.

Wapo wanaodhani jibu ni kuwafundisha ndugu mazoezi, basi. Jambo hilo lilijaribiwa India kwa uangalifu mkubwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja ndugu walifundishwa utengamao wodini na kutembelewa nyumbani, jingine likaendelea na utaratibu wa kawaida. Baada ya miezi sita, waliofariki au waliobaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Kwangu mimi hilo halisemi kwamba ndugu hawana faida. Linasema kwamba hatuwezi kuwatwika kazi ya wataalamu kisha tukaita hiyo huduma. Kwa upande mwingine, majaribio ya miaka mingi yamethibitisha kwamba wodi maalumu za kiharusi huokoa maisha na kupunguza ulemavu, na hazifanyi hivyo kwa mitambo ya ajabu. Daktari, muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia (fizio) na mtaalamu wa tiba kwa vitendo hukaa pamoja, wakazungumza juu ya mgonjwa mmoja, wakapima kumeza, wakazuia vidonda, wakamwinua kwa kipimo. Nasema kwa kipimo kwa sababu jaribio kubwa lililochapishwa 2015 lilionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mapema mno na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri.

Wataalamu hao Moshi ndiko wanakofundishwa. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, ina shule ya fiziotherapia na ya tiba kwa vitendo, na tangu 1981 ipo TATCOT inayofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Inauma kwamba wanafunzi hutoka mbali kuja kujifunza Moshi, na wagonjwa wa wilaya jirani wanarudi nyumbani bila hata karatasi moja ya mazoezi.

Hapo ndipo ndugu wana haki ya kuwa wagumu. Siku ya kuruhusiwa, kabla ya kulipia gari, waulize: mgonjwa ana alama ngapi leo kati ya 100? Anameza salama? Tuonyeshe kumgeuza na kumhamisha, kisha tufanye sisi mkiwa mnatazama. Mpira wa mkojo utatolewa lini na nani? Presha yake iwe chini ya ngapi, kwa dawa gani, na zikiisha tunazipata wapi? Hilo la mwisho halifai kusahaulika, maana anayejisikia nafuu huacha vidonge, na kiharusi cha pili humkuta nyumbani. Zahanati yenye mashine ya presha inayofanya kazi, na dawa ambazo hazikatiki, inamtunza mgonjwa huyu kuliko yenye vigae vipya.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wanaingia majumbani, na kipimo cha mambo kumi hakiwashindi. Wakikiandika siku mgonjwa anaporudi, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu, muda ambao sehemu kubwa ya nafuu hupatikana, mganga wa zahanati ataweza kumpigia fizio wa Moshi akamwambia kitu kinachoeleweka: alikuja na 25, sasa ana 55, kula na kuvaa amepanda, kuhama kitandani kumekwama tangu mwezi wa pili na bega linamuuma. Fizio atajua aanzie wapi, na ndugu watajua kama nauli ya kumrudisha Moshi ina sababu.